Disple ya nukta nundu na NVDA: kuanzia kuichomeka hadi kusoma mstari wa kwanza

Maswali yanayonifikia kuhusu disple ya nukta nundu karibu yote ni yaleyale. "Nimeichomeka lakini imekaa kimya." "Maandishi yanatokea ila siyaelewi, na breli naijua vizuri tu." "Seli za mwisho zimekufa." "Jana ilifanya kazi, leo imegoma." Nimeona bora niyaandike majibu mahali pamoja. Mwenye swali asome kwanza, akikwama baada ya hapo tutaongea.

Mwongozo huu ni wa mtu asiyeona ambaye breli anaijua, kompyuta anaitumia kwa sauti, na sasa amepata disple: ameazimwa na shule, amepewa na mradi, au amejinyima akanunua. Ni wa mwalimu anayeona pia, yule wa shule jumuishi aliyekabidhiwa boksi akaambiwa "wafundishe watoto". Nitatumia Windows na NVDA, kisoma skrini, yaani programu inayosoma yaliyo kwenye skrini kwa sauti na kwa breli, kwa kuwa NVDA ni ya bure na mtu yeyote anaweza kuipata leo hii. Wewe wa JAWS, kisoma skrini kingine, mpangilio wa kazi ni uleule. Majina ya menyu ndiyo yatakayotofautiana.

Kwa ambaye hajawahi kuigusa: disple ni kifaa bapa chenye safu moja ya seli. Kila seli ina vipini vidogo 8 vinavyopanda na kushuka kufuata maandishi yaliyo kwenye skrini. Unasoma kwa vidole, unabonyeza kitufe, maneno yanayofuata yanapanda. Nukta ya 1 hadi ya 6 ni breli uliyofundishwa darasani. Nukta ya 7 na ya 8, zile za chini kabisa, kazi yake kubwa ni kuonyesha kiteuzi (alama ya mahali ulipo kwenye maandishi) kilipo na maandishi yaliyochaguliwa. Nadharia inaishia hapo.

Kuna wanaoniuliza kwa nini wajisumbue wakati sauti ipo. Sauti inakuambia neno linavyosikika, haikuambii limeandikwaje. Ikikimbia kidogo, "kalamu" na "karamu" zinapita kama mapacha. Chukua pia namba ya muamala ya M-Pesa, inayochanganya herufi na tarakimu: kwa sauti utarudia mara tatu ukijiuliza kama ile ni sifuri au herufi O. Kidoleni hakuna ubishi. Sifuri inatanguliwa na alama ya namba, nukta 3-4-5-6, kisha inakuja j. O ni nukta 1-3-5 basi. Mimi sauti siiachi, naitumia kwa kusoma habari ndefu. Lakini barua ya kazi, namba ya akaunti na jina la mtu navisoma kwa vidole.

Ipi inafaa?

Hili nalijibu kwa haraka, maana wengi hawachagui, wanapewa. Orbit Reader 20 ina seli 20, vitufe 8 vya kuandikia kwa mpangilio wa Perkins, mashine ya kuandikia breli, na nafasi ya kadi ya SD ili usome vitabu bila kompyuta. Nchini Kenya imeingia kwenye shule nyingi kupitia Kilimanjaro Blind Trust Africa ya Nairobi. Nukta zake ni imara, hazizami ukizikandamiza. Kasoro zake mbili: inabadilisha mstari polepole huku ikitoa mlio wa kuchakarisha, na haina vile vitufe vidogo juu ya kila seli vya kurusha kiteuzi mahali unapotaka. Focus 40 Blue na Brailliant BI 40X zina seli 40, ni za haraka, kimya, na vitufe hivyo vipo. Bei yake ndiyo inayowakimbiza watu, maana disple za aina hiyo huuzwa kwa maelfu ya dola. Kwa mwanafunzi wa sekondari seli 20 zinatosha kabisa. Kwa karani anayeshinda kwenye Excel ningepigania 40.

Kabla hujaanza

Andaa hivi vyote, usianze na kimoja pungufu:

- Kompyuta yenye Windows 10 au 11, na NVDA toleo la 2023.1 au la baadaye. Toleo hilo ndilo lililoingiza majedwali ya breli ya Kiswahili. Ukiwa na la zamani zaidi, pakua jipya kwenye tovuti ya NV Access, shirika la Australia linaloitengeneza.
- Disple iliyochajiwa usiku kucha. Usianze kujifunza na betri ya asilimia kumi.
- Waya wa USB unaopitisha data. Nyaya nyingi za bei poa za kuchajia simu hupitisha umeme tu; disple itawaka, itachaji, na kompyuta haitajua kama ipo. Tumia waya uliokuja kwenye boksi. Ukipotea, tafuta ambao umewahi kuhamishia picha kutoka kwenye simu.
- Meza isiyo juu sana. Disple ikae kati yako na kibodi, mikono ishuke kidogo kutoka kwenye viwiko. Ukiiweka pembeni mkono utachoka kabla hujamaliza ukurasa.
- Mikono iliyooshwa na kukaushwa. Hili silisemi kwa adabu tu. Mafuta ya chapati na ya ngozi yanaingia kwenye matundu ya vipini, yanakamata vumbi, na baada ya miezi nukta zinaanza kuwa nzito. Kwa watu wa Pwani, hewa ya chumvi inaongeza lake, kwa hiyo irudishe kwenye mfuko wake kila ukimaliza.
- Faili fupi la Kiswahili unalolijua, hata aya moja. Usianze na kitabu kigeni. Hutajua kama kosa ni la disple au ni wewe hujalizoea neno.

Hatua kwa hatua

1. Hakikisha NVDA inaongea kabla ya kuchomeka chochote. Ikiwa haijawaka, bonyeza Ctrl, Alt na N kwa pamoja. Kuanzia hapa nikisema "kitufe cha NVDA" namaanisha Insert, au Caps Lock kama ndivyo ulivyopanga. Kagua toleo: kitufe cha NVDA na N, nenda Help, kisha About.

2. Washa disple peke yake, bila waya. Gusa safu yote toka kushoto hadi kulia. Nyingi zitaonyesha jina la kifaa au menyu yake. Ukiyasoma maandishi hayo, tayari unajua vipini vinafanya kazi, na matatizo yote yatakayofuata yatakuwa ya mawasiliano au ya mipangilio. Hatua hii watu wanairuka, halafu wanahangaika saa nzima na kompyuta wakati betri ndiyo iliyokufa.

3. Iweke disple kwenye hali ya kuongea na kompyuta. Disple nyingi za siku hizi zina maisha yake zenyewe: daftari, saa, kisoma vitabu. Zikiwa humo hazisikilizi kompyuta. Kwenye Brailliant, tafuta Terminal kwenye menyu kuu na uingie. Kwenye Orbit Reader 20, ingia kwenye menyu yake, tafuta mpangilio wa USB na uchague HID. Usichague ile ya serial, itakuletea mambo ya kusakinisha viendeshi, yaani programu ndogo za kuitambulisha disple kwa kompyuta.

4. Sasa chomeka waya, moja kwa moja kwenye kompyuta. Usipitie kwenye kigawa USB kilichobeba kipanya, fleshi na feni ya mezani. Windows itatoa mlio wake wa kutambua kifaa. Mara ya kwanza ipe dakika moja au mbili, usichomoe-chomoe.

5. Bonyeza kitufe cha NVDA, Ctrl na A. Litafunguka dirisha la kuchagua disple. Ukisikia "Automatic", bonyeza Enter na uguse seli: mara nyingi maandishi yatakuwa yameshapanda. Kama kimya, rudi kwenye dirisha lilelile ushuke kwa mshale hadi jina la kampuni yako. Mwenye Orbit Reader 20 asitafute Orbit peke yake kwenye herufi O. Imewekwa kundi moja na Baum, HumanWare na APH, kwa sababu zinaongea na kompyuta kwa namna inayofanana. Disple mpya zaidi zinaweza kutumia ile iliyoandikwa "Standard HID". Huo ni utaratibu wa pamoja uliotangazwa mwaka 2018 ili kila kampuni isije na kiendeshi chake.

6. Chagua jedwali la breli. Hapa ndipo penye nusu ya simu zote ninazopigiwa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

   Kompyuta haina breli ndani yake. Ina herufi, na NVDA inazigeuza kuwa nukta kwa kufuata jedwali ulilochagua. Kompyuta ya shule au ya ofisi mara nyingi aliyekutangulia ameshachagua Kiingereza daraja la pili, lenye vifupisho. Jedwali hilo halijui kwamba unasoma Kiswahili. Linafupisha kila linachokutana nacho. Neno "karibu" litakuja hivi: k, kisha seli moja yenye nukta 3-4-5 iliyobeba "ar", kisha i, b, u. Herufi sita zimekuwa seli tano. "Jina" litakuwa j, seli ya nukta 3-5, halafu a. "Serikali" nayo itafichiwa "er" ndani ya nukta 1-2-4-5-6. Aliyesoma breli ya Kiingereza hadi mwisho ataling'amua baada ya kukuna kichwa. Mtoto wa darasa la nne atakuambia mashine ni mbovu, na kwa upande wake ana haki.

   Fanya hivi: kitufe cha NVDA na N, nenda Preferences, kisha Settings, shuka hadi Braille. Piga Tab mpaka usikie "Output table". Andika herufi S mara kadhaa hadi ufike "Swahili (Kenya) grade 1", yaani daraja la kwanza, herufi kwa herufi bila vifupisho. Ndugu zangu wa Tanzania msiogope jina la Kenya pale: herufi ni zilezile, a ni a. Yapo pia majedwali ya Kiswahili yenye vifupisho, kutoka daraja la 1.2 kupanda hadi la 2. Waliofundishwa vifupisho vya Kiswahili wayatumie. Wengine wakae daraja la kwanza.

   Unayesoma lugha mbili kwa siku utalazimika kubadilisha, maana jedwali ni moja kwa wakati. Ushauri wangu: kama Kiingereza chako si cha kurasa mia kwa siku, weka daraja la kwanza na usome zote mbili kwalo. Utapoteza nafasi kidogo, utapata utulivu.

7. Palepale, piga Tab hadi "Input table" na uchague jedwali hilohilo. Hili ni la kuandika kwa vitufe vya disple. Ukiacha la kusoma la Kiswahili na la kuandika la Kiingereza chenye vifupisho, utaandika kitu na kitatokea kingine, hasa kwa herufi zinazosimama peke yake.

8. Zima kupepesa kwa kiteuzi. Kwa kawaida NVDA huonyesha kiteuzi kwa nukta 7 na 8 zinazopanda na kushuka. Anayeanza anadhani kidole kinamdanganya, na kwenye Orbit kila kupepesa kunakuja na ule mlio wake. Kwenye ukurasa uleule wa Braille tafuta chaguo la "Blink cursor", liondolee alama. Nukta zitabaki zimesimama, utazipapasa kwa utulivu.

9. Hifadhi: kitufe cha NVDA, Ctrl na C. Kweli NVDA huhifadhi yenyewe inapozimwa vizuri. Ila umeme ukikatika kwenye kompyuta ya mezani haijazimwa vizuri, na mipangilio yako yote inaondoka na umeme huo. Sekunde moja ya kuhifadhi inakuokoa.

10. Fungua lile faili lako fupi na usome. Anza kidole cha shahada cha mkono wa kushoto kwenye seli ya kwanza, cha kulia kikifuata au kikitangulia kama ulivyozoea kwenye karatasi. Usikandamize. Kwenye disple nyingi kipini kinazama ukikisukuma, na utasoma c mahali palipoandikwa d.

    Zoea ufinyu wa safu. Tuseme tangazo linaanza "Wanafunzi wanaombwa kufika". Kwenye seli 20 utapata alama ya herufi kubwa, "Wanafunzi", nafasi, "wanaombwa", na safu imejaa mpaka seli ya mwisho. Hilo "kufika" linasubiri ubonyeze kitufe cha kusogeza mbele. Vitufe vya kusogeza viko pembeni mwa safu kwenye Orbit. Kwenye disple nyingine viko mbele, chini ya dole gumba. Kosa la kawaida ni kushuka kwa mshale wa chini wa kibodi ukidhani unasogeza mbele. Mshale unakupeleka mstari unaofuata wa faili, kwa hiyo nusu ya kila mstari unairuka bila kujua, na habari inakuwa haina kichwa wala miguu. Sogeza kwa vitufe vya disple. Mwisho wa mstari ukifika, vitakuvusha vyenyewe.

11. Nyamazisha sauti kwa muda, kwa makusudi. Sauti ikiwa inasoma, kidole kinazembea; sikio limeshamaliza mstari. Kitufe cha NVDA na S hubadilisha hali ya sauti. Endelea kubonyeza hadi ufike iliyozimwa. Soma aya mbili, kisha bonyeza tena hadi "talk". Kumbuka kitufe hiki vizuri, maana watu hukibonyeza bila kukusudia halafu wanasema NVDA imekufa. Haijafa, imenyamazishwa. Disple yenyewe ndiyo itakayokuambia.

12. Ingia kwenye tovuti moja unayoizoea. Kwenye wavuti, NVDA haina nafasi ya kuandika "kiungo" au "kitufe" kila mara, kwa hiyo inafupisha: lnk ni kiungo, btn ni kitufe, edt ni sehemu ya kuandika, chk ni kisanduku cha kutia alama, h1 ni kichwa cha ngazi ya kwanza. Vifupisho hivi vya Kiingereza vitakaa katikati ya Kiswahili chako na hakuna namna. Ndani ya siku chache kidole kitavizoea.

    Kama sauti inasoma kitu kimoja na disple inaonyesha kingine, bonyeza kitufe cha NVDA, Ctrl na T mpaka usikie kuwa disple inafuata kwa "automatically". Mtu akiifunga kwenye hali moja, disple inabaki hapo wewe ukiwa umeshahama.

13. Mwisho, andika kwa vitufe vya disple. Vidole ni kama kwenye Perkins: kushoto 1, 2, 3, kulia 4, 5, 6. Vidole vidogo vinashika 7 na 8. Ukitumia jedwali la kawaida la nukta sita, nukta ya 7 hufuta na nukta ya 8 ni Enter. Watu wa Perkins hupata shida moja: wamezoea kupiga kwa nguvu. Hivi ni vitufe vyepesi, gusa tu. Ukivipiga kama Perkins utapata herufi nusu, kwa sababu vidole havitui pamoja.

Kwa mwalimu anayeona

Huna haja ya kujua breli ndipo umsaidie mwanafunzi kuanza. Kwenye menyu ya NVDA, nenda Tools, uwashe Braille Viewer. Litatokea dirisha linaloonyesha kwenye skrini nukta zilezile zilizopanda kwenye disple, na chini yake maandishi ya kawaida. Mtoto akisema "naona s, halafu kitu sikijui", utaona seli anayoizungumzia. Dirisha hili linafanya kazi hata bila disple kuchomekwa, kwa hiyo andaa somo lako nyumbani.

Neno moja: usimshike mtoto kidole na kukiburuta juu ya seli. Mwache atafute mwenyewe, wewe mwambie aanzie wapi.

Bluetooth na simu

Kaa na waya hadi mambo yote ya juu yawe rahisi, ndipo uende Bluetooth. Ukishaioanisha na Windows, NVDA iliyo kwenye "Automatic" itaipata yenyewe.

Simu ya Android 13 au ya baadaye ina sehemu ya disple ndani ya mipangilio ya TalkBack, kisoma skrini chake. Ioanishe kutoka humo. iPhone iko kwenye Accessibility, VoiceOver (kisoma skrini cha iPhone), Braille. Wengi huioanisha na iPhone kupitia ukurasa wa kawaida wa Bluetooth halafu wanashangaa imeunganishwa lakini haionyeshi kitu. Ondoa, uanze upya kutoka VoiceOver.

Ikigoma

*Imewaka, ila hakuna kinachopanda.* Fuata mpangilio huu, usiruke: badilisha waya, badilisha tundu la USB, hakikisha iko Terminal au HID, kisha rudi kwenye kitufe cha NVDA, Ctrl na A uone kama haijachaguliwa "No braille". Baada ya hapo ndipo uanze kufikiria mambo makubwa.

*Jana ilikubali, leo haikubali.* Jiulize nani mwingine ameishika. Disple inahudumia kisoma skrini kimoja kwa wakati. JAWS ikiwa wazi kwa nyuma, NVDA haipati kitu. Simu iliyo mfukoni yenye Bluetooth inaweza kuwa imeinyakua ulipoiwasha. Zima Bluetooth ya simu ujaribu tena. Ya tatu ni Narrator, kisoma skrini kinachokuja na Windows yenyewe. Mtu akiwahi kuwasha breli ya Narrator, inaweza kuweka kiendeshi chake na kuwanyima wengine. Nenda kwenye mipangilio ya Narrator, sehemu ya breli, uizime au uondoe kilichosakinishwa, kisha uwashe kompyuta upya.

*Maandishi yanapanda lakini hayasomeki.* Hatua ya 6. Ukikuta tarakimu hazina alama ya namba na zimeshushwa chini ya seli, umechagua breli ya kompyuta. Ni jedwali vilevile.

*Seli za mwisho hazina kitu.* Hii ndiyo iliyopeleka disple nzima kwa fundi bila sababu. NVDA kwa kawaida haikati neno katikati. Andika "Tutakutana kesho asubuhi" kwenye seli 20: alama ya herufi kubwa na "Tutakutana" zinachukua 11, nafasi moja, "kesho" inafika ya 17. "Asubuhi" inahitaji seli 7 na haitoshi, kwa hiyo inasubiri. Seli 3 za mwisho zinabaki tupu, na ni nzima. Sogeza mbele utaikuta.

*Ujumbe unatoweka kabla sijaumaliza.* Kwenye ukurasa wa Braille kuna muda wa kuonyesha ujumbe. Wa kawaida ni sekunde 4. Anayeanza aongeze, au achague ujumbe ubaki mpaka abonyeze kitu.

*Nukta moja haipandi.* Thibitisha kwanza. Badilisha jedwali la kusoma liwe "English (U.S.) 6 dot computer braille", fungua Notepad, na ujaze mstari mzima alama ya sawasawa, =. Kwenye jedwali hilo alama hiyo ni nukta zote sita, kwa hiyo safu nzima itapanda. Pitisha kidole polepole. Penye shimo utapajua. Kisha bonyeza Ctrl na A kuchagua yote, na nukta 7 na 8 zitapanda pia chini ya kila seli. Rudisha jedwali la Kiswahili ukimaliza.

Ukikuta nukta imelala, zima disple, pitisha kitambaa laini kilicholoweshwa kidogo na kukamuliwa sana, iache ikauke, jaribu tena. Usichokoe kwa sindano wala kijiti cha meno, na usimwage spiriti kwenye matundu. Kipini kikipinda, seli nzima inabadilishwa. Ikibaki imelala, hesabu kutoka kushoto na uandike ni seli ya ngapi na nukta ipi, pamoja na namba ya kifaa iliyo chini yake. Ukipiga simu kwa aliyekuuzia ukasema "seli ya 7, nukta ya 3", atajua cha kuagiza. Ukisema "imeharibika", atakuambia uilete, na usafirishaji ni juu yako.